Kutoka mita hadi cheti: kufuatilia nishati jadidifu katika ukanda wa Afrika Mashariki

Cheti kimoja cha I-REC (cheti cha kimataifa cha nishati jadidifu) ni megawati-saa moja (MWh), yaani yuniti 1,000 kwa hesabu ya mwenye LUKU, mita ya kulipia kabla. Kina namba yake ya pekee, na ndani yake kimeandikwa mtambo uliozalisha, mahali ulipo, chanzo cha nishati, uwezo wa mtambo, siku ulipoanza kazi na kipindi ambacho MWh hiyo ilizalishwa. Hakichapishwi, hukaa kwenye rejista ya kompyuta. Umeme ukishaingia kwenye gridi hautenganishwi tena, na wa maji wa Bujagali, Uganda, na wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, hufika kwenye soketi ukiwa kitu kimoja. Kwa hiyo anayedai kutumia umeme wa jua, upepo au maji kutoka gridi huonyesha cheti, na cheti kikishatumika mara moja kimekwisha.

Kanuni za mfumo huu zinasimamiwa na taasisi iliyojulikana kwa miaka mingi kama I-REC Standard, ambayo leo inaitwa International Tracking Standard Foundation, iliyosajiliwa Uholanzi. Rejista inaendeshwa na Evident. Katika ukanda wetu vyeti hivi vimekuwa vikitolewa Kenya, Uganda na Kongo, miongoni mwa nchi nyingine. Kabla ya kuanza, fungua orodha ya nchi zilizoruhusiwa uhakikishe yako imo na umjue mtoaji wa vyeti wa nchi hiyo, maana huyo ndiye atakayeyakagua makaratasi yako yote.

Wengi huichukulia kazi hii kama ya kujaza fomu. Fomu ni sehemu nyepesi. Matatizo makubwa karibu yote huanzia kwenye mita au kwenye mkataba, na mtu huyagundua miezi kadhaa baadaye, mkaguzi akiwa ameshakaa mezani. Hizo ndizo sehemu tulizozipa nafasi kubwa hapa chini.

Hatua ya 1: Jua cheti ni mali ya nani

Kabla ya kugusa rejista, soma mkataba wa kuuziana umeme. Tafuta kipengele kinachotaja sifa za kimazingira, haki za kaboni au vyeti vya aina yoyote, "vilivyopo sasa au vitakavyokuja". Utakuta moja kati ya mambo matatu: haki amepewa mnunuzi wa umeme, ambaye mara nyingi ni shirika la umeme la taifa; haki imebaki kwa mzalishaji; au mkataba uko kimya. Ukimya ndio wa kuogopa. Usijitangazie haki kwa sababu hakuna aliyekukataza. Andikianeni barua, pande zote mbili zitie sahihi kwamba vyeti ni vya fulani kuanzia tarehe fulani, kisha barua hiyo uiambatanishe kwenye usajili.

Uliza pia kama mtambo uliwahi kusajiliwa kwenye mradi wa kaboni. Mitambo kadhaa mikubwa ya ukanda, ya upepo kule Turkana na ya mvuke wa ardhini Olkaria ikiwemo, iliingia kwenye CDM, mpango wa Umoja wa Mataifa wa hati za kaboni. MWh iliyozaa hati ya kaboni haifai kuzaa na cheti cha nishati ambacho mtu mwingine ataenda kudai upya faida ileile. Kama mtambo uko kwenye mipango yote miwili, weka jedwali la vipindi: Januari hadi Juni kaboni, Julai hadi Desemba vyeti, au mgawanyo mwingine wowote mradi usipishane hata siku moja. Mtajie mtoaji wa vyeti hali hiyo mapema. Akiigundua mwenyewe, ombi lako litakaa.

Hatua ya 2: Kagua mita kabla ya kujaza fomu yoyote

Chukua mchoro wa njia moja ya umeme wa mtambo, ule unaoonyesha jenereta au inveta, transfoma, mita na mahali mtambo unapokutana na gridi. Uhakikishe unalingana na kilichopo kwenye kituo. Michoro mingi ni ya siku ya ujenzi, na tangu hapo vitu vimeshahamishwa.

Mita ya kutumia ni ile ya malipo iliyoko mahali pa makabidhiano, ambayo mnunuzi wa umeme naye anaisoma. Kwa mitambo mikubwa huwa ya daraja la usahihi 0.2S (kosa la kama asilimia 0.2), na pembeni yake kuna mita ya pili ya kuhakikisha. Takwimu za SCADA (mfumo wa kompyuta wa kuendesha mtambo) au za inveta zisiwe msingi wa ombi. Zinapima kabla ya transfoma na nyaya, kwa hiyo huwa juu ya mita ya malipo kwa asilimia moja au mbili, na asilimia mbili ya mtambo wa MWh 100,000 kwa mwaka ni vyeti 2,000 vya hewa.

Kisha andika kizidishio. Mita kubwa haipimi umeme wote moja kwa moja. Inapima kiasi kidogo kilichopunguzwa na transfoma za vipimo, CT kwa mkondo na VT kwa volti. Tuseme CT ni 200/1 na VT ni 33,000/110. Kizidishio ni 200 × 300 = 60,000. Kila namba inayoonekana kwenye kioo cha mita izidishwe kwa 60,000, isipokuwa mita imeshapangwa izidishe yenyewe. Uliza, usikisie: kuna mita zinazoonyesha thamani iliyokwisha kuzidishwa na zipo zisizofanya hivyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Makosa ya mita tunayokutana nayo zaidi, na alama zake:

- CT zimebadilishwa kutoka 200/1 kwenda 400/1 lakini kizidishio kwenye jedwali ni kilekile. Uzalishaji unaonekana kushuka kwa nusu kuanzia siku ya matengenezo.
- Fyuzi moja ya VT imekatika. Kwa mzigo uliosawazika, theluthi moja ya umeme haihesabiwi.
- CT ya fezi moja imefungwa kinyume. Fezi mbili zinajumlisha, moja inatoa, na mita inasoma theluthi moja tu ya umeme uliopita.
- Mita imebadilishwa na hakuna aliyeandika usomaji wa mwisho wa ile ya zamani. Hili halina dawa nzuri. Siku ya kubadilisha, piga picha za mita zote mbili, namba ya mita na usomaji vikionekana kwenye picha moja.

Tatizo la saa linastahili aya yake. Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC). Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa mbili mbele. Vifaa vingi vya kukusanya data hutoka kiwandani vikiwa kwenye UTC, na visiporekebishwa mwisho wa mwezi wako utakuwa saa 9 usiku ya tarehe 1. Kwa mtambo wa jua haina athari, maana usiku hakuna kitu. Kwa mtambo wa mvuke wa MW 50 unaoenda kwa nguvu zote, MWh 150 zinahama mwezi. Halafu kuna saa zetu wenyewe. Karatasi ya zamu ikiandikwa "1:00", mtu mmoja atasoma saa moja ya usiku, mwingine saa saba ya usiku, na wote wana haki. Weka sharti moja kwa vituo vyote: namba za saa 24, kuanzia 00:00 hadi 23:59, na juu ya safu iandikwe +3 au +2.

Hatua ya 3: Sajili mtambo

Anayesajili anaweza kuwa mwenye mtambo au wakala aliyepewa barua ya idhini. Taarifa ni za fomu SF-02, pamoja na tamko la mwenye mtambo. Andaa hivi:

- jina la mtambo lililo sawasawa na la kwenye leseni, herufi kwa herufi
- majira ya ramani (latitudo na longitudo) kwa desimali, yaliyochukuliwa kwenye mtambo wenyewe (ya ofisi ya mjini hayafai)
- chanzo na teknolojia
- uwezo uliosimikwa, na tarehe ya kuanza kazi kibiashara
- leseni, mkataba, mchoro wa njia moja, cheti cha upimaji wa mita na picha
- ruzuku au msaada wa serikali uliopokelewa kwenye ujenzi

Kwenye uwezo ndipo wenye mitambo ya jua hukosea. Paneli hupimwa kwa mkondo mnyoofu, lakini kinachoingia gridi ni mkondo geu kupitia inveta. Mtambo wa Garissa, Kenya, una paneli za MW 54.6 kwa kipimo cha paneli, lakini unajulikana kama mtambo wa MW 50. Andika uwezo wa upande wa gridi, na cha paneli ukitaje kwenye maelezo. Namba hii ndiyo rejista itakayoitumia kupima kama maombi yako yanawezekana.

Tarehe ya kuanza kazi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni zilizo kwenye RE100, mpango wa kampuni zilizoahidi kutumia umeme jadidifu kwa asilimia 100, zinatakiwa, kuanzia 2024, kununua kwa sehemu kubwa kutoka mitambo isiyozidi miaka 15 tangu kuanza kazi au kufanyiwa ukarabati mkubwa. Kidatu ilianza 1975 na Nalubaale pale Jinja ni ya 1954. Vyeti vyake vingekuwa halali kabisa kwenye rejista, lakini mnunuzi wa aina hiyo atavipita. Bujagali, ya 2012, nayo dirisha lake limekaribia kufunga. Ujue kabla ya kupanga bei.

Usajili hudumu miaka mitano, kisha unahuishwa. Mabadiliko yoyote ya mita, mmiliki au uwezo yaripotiwe yanapotokea. Weka ukumbusho miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho, kwani umeme uliozalishwa wakati usajili umelala ni vita kuuombea vyeti.

Hatua ya 4: Funga hesabu za mwezi

Hapa twende polepole na mfano wa mtambo wa jua wa MW 10, mwezi wa siku 31, mita yenye kizidishio cha 60,000.

Usomaji wa kuuza, tarehe 1 saa 00:00: 1,306.412
Usomaji wa kuuza, tarehe 1 ya mwezi unaofuata saa 00:00: 1,331.247
Tofauti: 24.835
Mara 60,000: kWh 1,490,100, sawa na MWh 1,490.100

Mtambo wa jua unanunua umeme usiku kwa ajili ya taa, kompyuta, pampu na transfoma zinazobaki na moto. Mita ileile ina safu ya kununua:

Tofauti ya kununua: 0.118
Mara 60,000: kWh 7,080, sawa na MWh 7.080

Safi: 1,490.100 − 7.080 = MWh 1,483.020. Omba vyeti 1,483. Ile 0.020 iliyobaki iandike kwenye safu ya salio ihamie mwezi ujao; usikadirie kwenda juu hata kama ni 0.98.

Kabla ya kutuma, fanya majaribio matatu. Kwanza dari: MW 10 × saa 744 = MWh 7,440. Kiasi chako ni asilimia 19.9 ya dari, na mtambo wa jua kwenye ukanda huu kwa kawaida hukaa karibu na asilimia 18 hadi 22. Ukipata 35, kizidishio kimeharibika. Ukipata 7, tafuta CT iliyofungwa kinyume. Kwa upepo wa Turkana wenye MW 310, dari ya mwezi wa siku 30 ni MWh 223,200, na hakuna ombi linaloweza kuivuka. Pili, linganisha na mita ya kuhakikisha. Mita mbili za daraja 0.2S zikipishana zaidi ya asilimia 0.4 au 0.5, simamisha ombi hadi fundi azikague. Tatu, linganisha na ankara uliyompelekea mnunuzi wa umeme. Zikitofautiana hata kwa kWh moja, andika sababu pembeni. Sababu ya kawaida ni kwamba ankara inalipia hata umeme ambao gridi ilikataa kuupokea. Malipo ya umeme uliozuiwa ni halali kwenye mkataba, lakini umeme huo haukuzalishwa, na cheti chake hakipo.

Mitambo ya mvuke wa ardhini ina pampu na mafeni ya kupoozea yanayokula umeme mwingi. Ukipima kwenye jenereta, toa matumizi hayo. Ukipima kwenye makabidhiano, yameshatoka yenyewe, usiyatoe mara ya pili.

Viwanda vya sukari, kama TPC Moshi au Kakira Uganda, huzalisha umeme kwa kuchoma makapi ya miwa. Tanuri likisaidiwa na mafuta mazito wakati wa kuwasha, sehemu hiyo haistahili cheti. Hesabu ni ya joto, tani peke yake hazitoshi. Mfano: tani 9,000 za makapi yenye unyevu wa nusu kwa gigajuli (GJ, kipimo cha joto) 7.5 kila tani ni GJ 67,500. Tani 40 za mafuta kwa GJ 40 ni GJ 1,600. Jumla 69,100. Sehemu jadidifu ni 67,500 ÷ 69,100, yaani asilimia 97.68, na hiyo ndiyo unayoizidisha na MWh safi. Tunza risiti za mafuta na rekodi za mizani, mtoaji atazitaka.

Hatua ya 5: Omba vyeti vitolewe

Fomu ni SF-04 au ukurasa wake kwenye rejista: mtambo, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, MWh, akaunti itakayopokea, na ushahidi. Ambatanisha usomaji wa mita uliosainiwa na pande zote mbili, ankara, na jedwali lako la hesabu. Faili la pdf lililochanganuliwa kwa simu likiwa na kivuli cha mkono hurudishwa, na haki yao.

Vipindi visipishane wala visiache pengo. Kama mwezi uliopita uliishia tarehe 31, huu uanze tarehe 1. Ukiomba kwa robo mwaka unapunguza kazi, ila mnunuzi anayehitaji kufunga ripoti yake hatakusubiri. Kwa mtambo wa zaidi ya MW 5 tunapendekeza kila mwezi.

Kila mwezi pia pakua rekodi ya mita ya nusu saa kwa nusu saa, hata kama hakuna anayeidai leo. Kumbukumbu ya mita ni ndogo, ikijaa inafuta za nyuma. Marekebisho ya kanuni za hesabu ya hewa ukaa kutokana na umeme unaonunuliwa, yaliyopelekwa kwa maoni ya umma mwaka 2025, yanaelekea kulinganisha matumizi na uzalishaji saa kwa saa. Wenye rekodi hizo watakuwa na bidhaa ya kuuza. Wasio nazo hawataweza kuirudisha 2026 wakifika 2030.

Hatua ya 6: Hamisha, kisha komboa

Vyeti hukaa kwenye akaunti ya biashara. Kuuza ni kuvihamisha kwenda akaunti ya mwingine. Kukomboa ni kuvitoa sokoni moja kwa moja kwa jina la mtumiaji, na hapo ndipo dai linapozaliwa. Kiwanda kilichonunua vyeti na kuviacha bila kukomboa hakijadai chochote, hata kama fedha imelipwa na risiti ipo. Kosa hili tunaliona kila msimu wa ripoti.

Upande wa mtumiaji hesabu ni hii. Kusanya bili za miezi 12. Bili nyingi hazianzi tarehe 1, kwa hiyo za mwanzo na mwisho wa mwaka zigawe kwa siku. Ukipata MWh 3,260.4, komboa vyeti 3,261: mzalishaji hukata kushuka, mtumiaji hukata kupanda. Dizeli ya jenereta ya kiwanda isiingizwe humu. Ile ni moshi wako mwenyewe na hakuna cheti cha umeme kinachoufuta. Kwenye taarifa ya ukombozi jaza jina kamili la kisheria la mtumiaji, anwani, nchi ya matumizi na mwaka wa matumizi. "Kampuni yetu ya Nairobi" halitoshi kama kundi lina kampuni tatu Nairobi. Ukishabonyeza kukubali, hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo mtu wa pili asome kabla.

Kiwanda chenye paneli juu ya bati kinachouza vyeti vyake hakina haki tena ya kuandika getini "tunaendeshwa na jua". Jua lile limeshauzwa. Kikitaka kulidai, kivikomboe kwa jina lake.

Hatua ya 7: Mipaka ya nchi

Ethiopia na Kenya zimeunganishwa na njia ya kV 500 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, na Novemba 2022 Kenya ilianza kununua MW 200 kupitia humo. Njia ya kV 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida, Tanzania, iliwashwa Desemba 2024. Nyaya zimeshafika, lakini dai la cheti halijavuka nazo. Kwa RE100, soko ni nchi moja, isipokuwa maeneo machache kama soko la pamoja la Ulaya, au Marekani na Kanada. Kiwanda cha Dar es Salaam kinachokomboa vyeti vya Kenya kwa sababu ni vya bei rahisi kitanunua kitu ambacho mkaguzi wake atakikataa. Na shirika la umeme linaloagiza umeme wa maji kutoka nchi jirani lisiuhesabu kama jadidifu kwa wateja wake, wakati mzalishaji kule ameshauza vyeti vya umeme uleule. Muulizeni mzalishaji huyo mapema, na jibu lake liingie kwenye mkataba wa kuagiza umeme.

Mitambo ya pamoja inahitaji makubaliano kabla ya usajili. Rusumo, kwenye mto Kagera, ina MW 80 zinazogawanywa sawa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Ruzizi II iko vivyo hivyo kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mkae na mtoaji wa vyeti mkubaliane: usajili utakuwa nchi gani, nani ndiye msajili, mgao unafuata theluthi za mkataba au mita za njia tatu za kutokea. Jumla ya vyeti isizidi kamwe mita kuu. Na angalia saa: usiku wa manane Ngara, upande wa Tanzania, ni saa 23:00 Kigali. Mtambo ukiwa kwenye MW 80, tofauti ya saa moja ni MWh 80 zinazoweza kuandikwa kwenye miezi miwili kwa pamoja.

Mitambo midogo

Paa lenye paneli za kW 100 hutoa kama MWh 145 kwa mwaka. Vyeti 145 havilipi ada za usajili, akaunti na utoaji. Unganisha mapaa ya teknolojia moja, nchi moja, kwenye usajili wa kundi, chini ya wakala mmoja mwenye mita zinazotuma data zenyewe. Kila paa liwe na namba ya mita, tarehe ya kuanza na tamko la mwenye jengo. Paa moja likiingia kwenye makundi mawili, kundi zima linasimama.

Gridi ndogo zenye jua, betri na dizeli zipimwe kwenye mtokeo wa inveta za jua, kabla ya betri. Ukipima kwenye mtokeo wa betri, umeme wa dizeli ulioijaza usiku wa mvua unageuka kuwa "wa jua".

Njia moja ya kuzipatia gridi hizi bei nzuri ilionekana Goma, mashariki mwa Kongo. Mtambo wa jua wa MW 1.3 wa kampuni ya Nuru ulipewa vyeti vyenye alama ya P-REC, inayoongezwa na shirika la Energy Peace Partners juu ya I-REC kwa umeme wa maeneo yenye mizozo. Microsoft ilinunua vya kwanza, na fedha ikaenda kwenye taa za barabarani za mtaa wa Ndosho. Cheti ni kilekile cha MWh moja. Kinachopandisha thamani ni kinachofanywa na fedha yake, na mnunuzi hupenda kukiona.

Daftari la kufuatilia, na marekebisho

Ukiwa na mitambo mingi kwenye nchi kadhaa, rejista peke yake haitoshi. Weka jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtambo kwa kila mwezi: nchi, namba ya mtambo, namba ya mita, kizidishio, usomaji wa mwanzo na mwisho, kununua, MWh safi, salio la nyuma, vyeti vilivyoombwa, vilivyotolewa, namba ya kwanza na ya mwisho ya vyeti, vilivyohamishwa, vilivyokombolewa, kwa jina la nani. Kila mwisho wa mwezi, vilivyotolewa ukiondoa vilivyohamishwa na vilivyokombolewa viwe sawa na vilivyo kwenye akaunti. Visipokuwa sawa usiendelee na mwezi mpya.

Siku moja mita itasahihishwa baada ya vyeti kutoka. Pima tofauti kwanza. Ikiwa vilitolewa pungufu, omba nyongeza ya kipindi kilekile, ukiambatanisha ripoti ya fundi. Ikiwa vilizidi na bado viko kwenye akaunti yako, mwandikie mtoaji avifute. Vikiwa vimeshauzwa au kukombolewa, dai la mnunuzi haliguswi. Mtoaji hukata kiasi hicho kwenye ombi lako linalofuata. Kwa mfano wetu wa juu, ikigundulika kuwa vyeti 62 vilizidi mwezi Machi na tayari vimekombolewa, ombi la Aprili la MWh 1,401.370, ukijumlisha salio la 0.020, linakuwa 1,401.390 − 62 = 1,339.390, yaani vyeti 1,339 na salio la 0.390. Andika sababu kwenye mistari yote miwili, wa Machi na wa Aprili, pamoja na tarehe na jina la aliyesahihisha.